Chujio la maji la nyumba nzima hapa Kigoma: ulifunge wapi na ulifunge vipi

Wiki haipiti bila mtu kunitumia picha ya chupa mbili au tatu za bluu zilizofungwa ukutani, na swali ni lile lile: "Fundi, nikiweka hii naacha kuchemsha maji?" Mwingine ameshaweka tayari, anauliza mbona bafuni maji yanatoka kama machozi. Wa tatu anasema tangu afunge chujio, simtanki limeanza kunuka, na miaka yote halikuwahi kunuka. Nimejibu haya kwenye simu, nimejibu kwenye daladala ya Ujiji, hata msibani nimeshaulizwa. Nayaandika mara moja ili ukiniuliza tena nikutumie hii.

Mara nyingi nikiitwa kurekebisha, chujio lenyewe ni zima. Limefungwa pasipo pake tu. Karatasi inayokuja ndani ya boksi imeandikwa kwa nyumba ambazo maji ya barabarani yana presha usiku na mchana, yanaingia moja kwa moja mpaka jikoni. Wengi wetu maji yanakuja, yanajaza simtanki, halafu tunatumia ya simtanki. Tofauti hiyo moja inageuza mpangilio wote.

Linavyofanya kazi, kwa ufupi

Chupa ya kwanza hunasa tope, mchanga na kutu. Uwezo wake hupimwa kwa maikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una kama maikroni 70. Katriji (kichujio cha kubadilisha kinachokaa ndani ya chupa) ya nyuzi inayouzwa sana ni ya maikroni 5, na ya kutangulia huwa 20 au 50. Chupa ya pili ina mkaa uliotengenezwa maalumu, ambao hunyonya klorini, harufu na ladha. Wenye uwezo huongeza taa ya urujuanimno (dukani sema UV, wataelewa), ambayo mwanga wake huharibu vijidudu visiweze kuzaana.

Sasa piga hesabu. Bakteria wa kipindupindu ana urefu wa maikroni 1 hadi 3 hivi, upana kama nusu maikroni. Kwenye tundu la maikroni 5 anapita bila kuinama. Virusi ni vidogo zaidi ya hapo, tena sana. Kwa hiyo nyuzi na mkaa vinakupa maji masafi kwa macho na mdomo, basi. Aliyekuwepo mkoani Mei 2015, kipindupindu kilipozuka Kagunga, hahitaji kuelezwa tofauti ya maji meupe na maji salama.

Kabla ya kununua chochote, yajue maji yako

Chukua chupa tatu angavu za lita moja. Ya kwanza jaza maji yanayotoka bombani mara tu yanaporudi baada ya kukatika. Ya pili jaza dakika kumi baadaye. Ya tatu chota kwenye simtanki. Ziache mezani mpaka kesho yake.

Ukikuta tope limetulia chini, katriji ya nyuzi inakutosha. Haya ndiyo maji ya wengi wanaotumia ya KUWASA, mamlaka ya maji ya hapa Kigoma: ziwa letu ni jeupe sehemu kubwa ya mwaka, tatizo ni kutu na michanga ya njiani, na tope la mito midogo inayoteremka milimani kuanzia Novemba hadi Aprili.

Maji yakikaa siku mbili bado yana ukungu, huo ni udongo laini sana na utaziba katriji kila wiki. Yatulize kwanza kwa shabu kwenye pipa la pembeni.

Wenye visima, angalieni kama maji yalitoka meupe na kufika asubuhi yamekuwa mekundu. Hicho ni chuma kilichoyeyuka. Kikiwa kimeyeyuka, katriji haikioni. Kinapita, halafu kinageuka kutu ndani ya simtanki na kwenye nguo zako nyeupe. Dawa yake ni hewa. Toboa bomba la kuingilia matundu madogo madogo, maji yanyeshe kama mvua ndani ya simtanki la kwanza, kutu itulie, kisha ndipo uyachuje yakielekea simtanki la pili.

Wanaovuta moja kwa moja ziwani kwa pampu wana jambo lao: kichocho. Viluwiluwi vyake vikikosa mtu wa kumwingia hufa ndani ya saa 48. Kwa hiyo kuwa na matanki mawili, moja linatulia siku mbili kamili wakati unatumia jingine. Usichanganye ya jana na ya leo ukadhani umetuliza.

Kuhusu ukoko mweupe kwenye birika: maji ya Ziwa Tanganyika yana asili ya magadi, pH yake inakaribia 9, na yana magnesiamu nyingi. Ukoko hauwezi kukuua. Iko mitambo ya kulainisha maji ambayo hubadilisha kalisi na magnesiamu kwa sodiamu na huoshwa kwa chumvi, na chumvi sisi tunayo hapo Uvinza. Hata hivyo kwa nyumba ya kawaida sioni sababu. Sugua birika kwa ndimu, maisha yaendelee.

Tahadhari moja kabla hujafungua pochi. Kuna wauzaji wanakuja na kidude chenye vyuma viwili, wanakichovya kwenye maji yako, kinawashwa, maji yanakuwa kahawia ya kutisha. Kile ni chuma cha kidude chenyewe kinachooza kwa umeme. Maji yenye chumvi asilia yanapitisha umeme, ya kwao hayapitishi, kwa hiyo ya kwao yanabaki meupe. Vivyo hivyo kalamu ya kupima TDS: inahesabu chumvi zilizoyeyuka, haihesabu vijidudu. Maji ya mvua yaliyopita kwenye bati lenye kinyesi cha ndege yatakupa namba nzuri ajabu. Ukitaka kujua kuhusu vijidudu, peleka sampuli maabara ya Wizara ya Maji iliyopo hapa Kigoma, na waulize kwanza chupa ya kubebea.

Vitu vya kuwa navyo

- Chupa ya chujio ya inchi 20, ile nene, yenye tundu la inchi moja. Ile nyembamba ya inchi 10 ni ya sinki la jikoni. Ukiiwekea nyumba nzima utajuta.
- Katriji za nyuzi, maikroni 20 na 5, na za akiba angalau mbili.
- Geti valvu tatu, valvu moja ya kuzuia maji kurudi, koki moja ya kumwagia, tii mbili, yunioni mbili.
- Tredi tepu, spana mbili za bomba, msumeno wa chuma, na spana ya plastiki inayokuja na chupa (usiitupe na boksi).
- Geji ya presha, ndoo ya lita 20, saa.
- Jiki ya asilimia 3.5 isiyo na manukato, kwa kuoshea simtanki.
- Ukitaka kuchuja maji yanayotoka simtanki: pampu ndogo yenye swichi ya presha inayojiwasha.

Hatua kwa hatua

1. Pima presha, usikisie. Weka ndoo chini ya bomba la bafuni, fungua mpaka mwisho, hesabu sekunde. Ikijaa ndani ya dakika moja una lita 20 kwa dakika, unaweza kuendelea. Ikichukua dakika nne, chujio litakumaliza. Kumbuka kila mita 10 za kimo ni bari 1 tu (bari ndicho kipimo cha presha). Simtanki lililokaa juu ya mnara wa mita 3, na bomba la mvua la bafuni liko mita 2 kutoka chini, kinachobaki ni mita 1, sehemu ya kumi ya bari. Pachika hapo chupa mbili za chujio na utakuwa unaoga kwa kudonoadonoa. Machozi yale ya bafuni chanzo chake ni hiki, na hakuna katriji ya bei ghali itakayokuponya.

 Upande wa pili, nyumba za bondeni usiku wakati watu wamelala presha hupanda. Funga geji kwenye bomba la uani uisome alfajiri. Chupa nyingi zimeandikwa mwisho wa bari 6 au 8. Ukiona zaidi ya 5, tangulizia valvu ya kupunguza presha.

2. Chagua mahali. Hapa ndipo penye mzizi wa maneno yote. Una sehemu mbili: kati ya mita na simtanki, au kati ya simtanki na nyumba.

 Kabla ya simtanki weka katriji ya nyuzi peke yake. Hapo unatumia presha ya barabarani, simtanki halijazi tope, na hata mtiririko ukiwa mdogo hakuna anayesubiri kuoga. Simtanki linajaa taratibu usiku.

 Mkaa usiuweke kabla ya simtanki. Narudia kwa sababu hili nimelifanya mwenyewe, nyumbani kwangu, nikiwa bado najifunza. Nilipanga chupa zote mbili pale kwenye mita zikapendeza, nikapiga na picha. Mkaa ukafanya kazi yake vizuri: ukanyonya klorini yote. Maji yakaingia simtanki yakiwa hayana kinga, yakakaa humo kwenye joto. Miezi mitatu baadaye mke wangu akaniita niguse ukuta wa simtanki kwa ndani. Ulikuwa unateleza kama samaki mgebuka. Klorini ile ndogo unayoinusa bombani ndiyo mlinzi wa simtanki lako. Mkaa uwe baada yake, karibu na mdomo.

3. Osha simtanki kabla ya kufunga. Hakuna maana kuchuja maji ya kumwaga kwenye uchafu. Toa maji, sugua, suuza. Kisha jaza na weka jiki lita moja na nusu kwa kila lita 1,000. Fungua kila bomba la nyumba mpaka unuse jiki, funga, acha usiku kucha. Asubuhi mwaga yote, suuza mpaka harufu iishe. Maji hayo hayanywewi na hayamwagwi kwenye bustani ya mchicha. Na usichanganye jiki na dawa ya choo, hata tone: hewa inayotoka inaua, hasa ndani ya tanki.

4. Kata bomba upande wako. Mita na kila kilicho kabla yake ni vya mamlaka ya maji, usiviguse. Funga valvu kuu, fungua bomba la chini kabisa maji yaishe, ndipo ukate. Mpangilio kutoka kwenye mita ni huu: geti valvu, valvu ya kuzuia maji kurudi, koki ya kumwagia, kisha chujio, na geti valvu ya pili baada yake.

 Watu hupuuza koki ya kumwagia kwa sababu dukani hawaambiwi. Maji yakikatika siku mbili, yale ya kwanza kurudi huja na kutu yote ya njiani pamoja na hewa. Ukiwa na koki, unamwaga ndoo tano sita mpaka yanyooke, ndipo unafungulia chujio. Usipokuwa nayo, katriji mpya inaisha asubuhi moja.

5. Weka njia ya pembeni. Tii moja kabla ya geti valvu ya kwanza, moja baada ya ile ya pili, na geti valvu ya tatu kwenye bomba linaloziunganisha. Siku unabadilisha katriji, au chupa imepasuka saa nne usiku, unageuza valvu na nyumba inaendelea kupata maji.

6. Pachika chupa. Bati lake la kushikilia liingie ukutani kwa skrubu ndefu. Chupa ya inchi 20 iliyojaa maji ni nzito. Iwe kivulini, kwa sababu jua hupausha plastiki na kuotesha mwani. Chini yake acha nafasi ya kutosha kuishusha. Nimeikuta moja imefungwa sentimita tatu kutoka sakafuni, kumbadilishia mwenyewe katriji ilibidi tung'oe bomba zima. Fuata mshale wa kuingia na kutoka. Tredi tepu zungusha mara nane hadi kumi kufuata mzunguko wa saa, kaza kwa mkono, kisha spana mzunguko mmoja tu. Tundu la plastiki likipata ufa hakuna gundi itakayolishika.

7. Ingiza katriji. Nawa mikono. Angalia ile pete nyeusi ya mpira imekaa kwenye mfereji wake bila kujikunja. Ipake grisi ya silikoni kidogo. Usiipake Vaseline wala mafuta ya kula (naam, mawese nimeshayakuta), maana mpira huvimba na mara ya pili haurudi mahali pake. Funga chupa kwa mkono, malizia kwa spana ya plastiki robo mzunguko.

8. Baada ya simtanki, kama una pampu. Mpangilio: simtanki, pampu, katriji ya maikroni 5, mkaa, halafu taa ya UV mwisho kabisa. Taa haikai mbele ya katriji. Vijidudu hujificha nyuma ya chembe za tope, kivuli kinawaokoa. Chagua taa inayolingana na lita kwa dakika ulizopima hatua ya 1, na inayotoa kipimo cha milijuli 40 kwa kila sentimita ya mraba. Usiitazame kwa macho ikiwa imewaka.

 Taa inahitaji umeme. Ukikatika, maji yanapita gizani bila kuguswa. Ama ununue pamoja na valvu ya umeme inayojifunga taa ikizimika, ama siku hiyo chemsha.

 Usipokuwa na pampu, achana na hatua hii. Weka chupa ndogo ya mkaa chini ya sinki la jikoni kwa ajili ya ladha, na ya kunywa yachemshe mpaka yatokote sawasawa. Ukweli ni kwamba kwa nyumba nyingi za hapa huu ndio mfumo ninaoupendekeza: nyuzi kabla ya simtanki, sufuria jikoni. Siuzi taa.

9. Fungulia taratibu. Fungua valvu robo, bonyeza kitufe chekundu juu ya chupa hewa itoke mpaka maji yaruke, ndipo ufungue yote. Kausha viungo kwa kitambaa na ukae dakika kumi ukiangalia. Mkaa mpya hutoa maji meusi: yamwage mpaka yawe meupe, kabla hujayaelekeza kwenye bomba lolote. Mwisho andika tarehe kwenye chupa kwa kalamu ya wino mzito.

Kubadilisha

Kiangazi katriji ya nyuzi hufika miezi mitatu. Mvua zikikolea inaweza isimalize mwezi, hivyo iangalie kila Jumamosi. Mkaa miezi sita hata kama maji bado ni matamu, kwa sababu ukichoka unageuka shamba la bakteria. Taa ya UV ina saa kama 9,000, ambayo ni mwaka na siku kadhaa. Itaendelea kuwaka bluu baada ya hapo lakini nguvu imeisha, kama tochi ya betri za jana. Glasi yake isugue kwa siki au ndimu kila miezi sita, ule ukoko wa birika nayo inaupata.

Katriji ya nyuzi haifuliwi. Najua unaifua. Ukiisugua unafungua njia, tope linapita katikati na wewe unafurahi kwamba presha imerudi. Ukitaka ya kuosha, nunua ile ya makunjo.

Ukikwama

*Maji yamepungua ghafla.* Geuza kwenye njia ya pembeni. Yakirudi, katriji imeziba. Yasiporudi, angalia boya la simtanki au mita, chujio halina kosa.

*Yamepungua tangu siku ya kwanza.* Rudi hatua ya 1. Au umefunga mshale kinyume.

*Chupa inavuja kwenye shingo.* Usikaze zaidi. Fungua, toa pete, ifute na mfereji wake, punje moja ya mchanga inatosha kuvujisha. Ikiwa imelegea au imevimba, weka mpya.

*Chupa haifunguki.* Bado ina presha ndani. Funga valvu zote mbili, bonyeza kitufe chekundu, kisha jaribu tena. Ukitumia nyundo utanunua nyingine.

*Maji yana harufu ya yai viza.* Mkaa umezeeka, au maji yamekaa ndani ya chupa wiki kadhaa mmesafiri. Tupa katriji, osha chupa kwa jiki kidogo, suuza, weka mpya.

*Klorini inanuka baada ya mkaa.* Mkaa umekwisha, au maji yanapita kwa kasi kuliko uwezo wake. Chupa kubwa zaidi, au punguza valvu.

*Pampu inawaka na kuzima kila dakika bila mtu kufungua maji.* Kuna mvujo mahali, mara nyingi tangi la choo. Tia rangi ya chakula kwenye tangi, ngoja nusu saa bila kuvuta. Ikionekana kwenye bakuli umempata mwizi.

*Mita inazunguka kinyume au simtanki linapungua maji yakikatika.* Hukuweka valvu ya kuzuia maji kurudi, au umeigeuza. Maji yako yanateremka kwa jirani wa bondeni.